Kitabu cha Gilson juu ya akili na ufunuo: gundi mbovu, hoja nzima

Nianze na ubaya wake, maana ubaya wenyewe ni wa gundi na hautanichukua muda. Kitabu kilikuja Tanga kwa basi. Nilikipokea stendi ya Kange kikiwa ndani ya rambo jeusi lililozungushiwa selotepu, na siku ya pili ya kukisoma karatasi nzima ya sura ya pili ikabaki mkononi mwangu. Si chapa ile ya kwanza ya 1938. Ni kazi ya hao wanaopiga picha vitabu vya zamani ukurasa kwa ukurasa, wakavichapa upya na kuvigandisha juujuu. Kurasa nyingine zimelala upande kama picha iliyopigwa na mtu akiwa juu ya bodaboda. Nililipa shilingi 42,000, nauli ya mzigo mbali. Muuzaji aliniahidi siku 5, nikalishwa "kesho dada, kesho bila kukosa" kwa wiki 3. Nyota moja nimeikata hapo na siirudishi. Nne zilizobaki ni za mwandishi mwenyewe.

Kitabu ni Reason and Revelation in the Middle Ages, yaani akili na ufunuo katika Zama za Kati, cha Étienne Gilson. Kilianza kama mihadhara katika Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, kikachapwa New York. Kina sura 3 tu na ni chembamba, kinaingia mfuko wa koti la maabara na kupotelea humo. Najua, koti la maabara halibebi kitabu. Nilikitia kwenye nailoni.

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa 14 huu, kwenye kituo cha afya ambacho sina sababu ya kukitaja. Kazi yangu kubwa ni damu, mkojo na choo, na wakati wa masika ni malaria asubuhi mpaka jioni. Filosofia sikuisomea. Kilichonipeleka kwa Gilson ni watu wawili walionijia wiki moja.

Wa kwanza alikuwa baba wa mtoto wa miaka 4. Mtoto anachemka, macho yamelegea, na slaidi yake imejaa wadudu. Daktari akaandika dawa mseto, baba akakataa. Kuna mhubiri alipita mtaani kwao, akamwekea mtoto mikono, akatangaza kwamba amepona, na kwamba kumpa dawa ni kumwambia Mungu kazi yako haikutosha. Tulibembelezana na yule baba mpaka saa nane mchana. Bibi wa mtoto ndiye aliyemaliza ubishi. Alimchukua mjukuu, akamnywesha kidonge mbele yetu sote, akamgeukia mwanawe: "Na hii dawa, unadhani imetoka kwa nani?"

Wa pili alikuwa kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, hodari wa mikono kwelikweli. Aliiona rozari kwenye pochi yangu akacheka, bila ubaya. "Dada, wewe mtu wa vipimo unasali? Kisichoonekana kwenye lenzi hakipo." Nikamwambia aoshe slaidi. Jibu sikuwa nalo.

Nilimpelekea swali padre mmoja mzee, Mrosmini. Kwetu jimbo la Tanga Warosmini si wageni, wametulea tangu enzi za wazazi wetu, na mwanzilishi wao Antonio Rosmini mwenyewe alikuwa mwanafalsafa. Nilitegemea ataniambia nimsome huyo. Akatikisa kichwa. "Rosmini atakuchosha. Anza na Gilson, huyo anaandika kama mtu anayezungumza." Baadaye nikakuta kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1998 juu ya imani na akili, aliwataja wote wawili mahali pamoja, pamoja na Newman, Maritain na Edith Stein, kama watu walioonyesha kwa kazi zao jinsi filosofia inavyoweza kukaa na neno la Mungu. Kwa hiyo padre hakunitoa nje ya familia, alinihamishia chumba kingine.

Gilson hakuwa padre. Alikuwa Mfaransa mwenye mke na watoto, aliyezaliwa Paris 1884 na kufariki 1978. Nampenda zaidi kwa njia aliyopitia. Hakuanzia kwa watakatifu, alianzia kwa Descartes, mtu anayesifiwa kwa kufuta ubao na kuanza fikra upya. Mwalimu wake pale Sorbonne alimtuma aangalie Descartes aliazima nini kwa wanateolojia waliomtangulia. Gilson akaenda kuhesabu madeni, akakuta mengi kuliko alivyotarajia, na akakuta pia kwamba mahali pengine wakopeshaji walikuwa wamefikiri vizuri kuliko mkopaji. Vita vya Kwanza vikamkamata, Wajerumani wakamteka Verdun mwaka 1916, naye akaitumia kambi ya mateka kumsoma Mtakatifu Bonaventura. Mwaka 1929 alisaidia kuanzisha taasisi ya masomo ya Zama za Kati kule Toronto. Yaani alifika kwa Thoma wa Akwino, yule mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, kwa kufuata nyaraka, kama mkaguzi wa mahesabu. Mtu wa namna hiyo namwamini haraka, ni kasoro yangu ya kikazi.

Katika kitabu hiki anazipanga fikra kama koo. Watu wanakufa, ukoo unabaki, na kila kizazi unazaa mtoto mwenye sura ileile. Ukoo wa kwanza ni wa Tertuliano, yule Mwafrika wa Karthago aliyeuliza Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu. Mungu akishasema, kufikiri ni utovu wa adabu. Niliposoma hapo nilimwona mhubiri wa yule baba amesimama kwenye ukurasa na kipaza sauti chake. Gilson hawatukani watu hawa, lakini anawachokoza taratibu, kwa utani mkavu wa Kifaransa unaokupata sentensi mbili baadaye.

Halafu kuna ukoo wa Augustino. Hawa nao wanaanza na imani, ila hawaishii hapo: amini ili upate kuelewa. Waliukalia ule mstari wa Isaya, kwamba msipoamini hamtaelewa, wakaujengea nyumba nzima. Mmoja wao, Mtakatifu Anselmi, akaijenga mpaka ghorofani, akatafuta sababu za lazima hata za mafumbo yenyewe. Hapo Gilson anasita, na kusita kwake ndiko nilikokuja kukuelewa mbele.

Sura ya pili ni ya Ibn Rushd wa Cordoba, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa 1126 na kufa 1198. Kwa mtu wa Tanga hapa kitabu kinakuwa cha nyumbani. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa sekondari, jioni anasomesha madrasa, na kwenye kabati lake Ihya ya Ghazali imekaa kwa juzuu zake zote. Basi nikavuka na kitabu changu kilichokatika mgongo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea majibu ya mkojo au?"

Nilimsomea, nikimfasiria. Gilson anaeleza jinsi Ibn Rushd alivyowagawa watu makundi matatu: wanaohitaji kuguswa moyo, wanaotosheka na hoja zinazoelekea kuwa kweli, na wachache wasiotulia mpaka wapate uthibitisho kamili. Kila mmoja apewe kwa kadiri ya tumbo lake. Mwalimu alikubali kwa kichwa. Lakini nilipofika mahali ambapo Gilson anamfanya Ibn Rushd kuwa mwanzo wa wale wanaoona akili peke yake inatosha, aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Hapo bwana wako ameteleza. Ibn Rushd alikuwa kadhi. Aliandika Bidayatul Mujtahid, kitabu cha fiqhi, mpaka leo kinasomeshwa. Mtu anayepima hoja za maimamu juu ya udhu na talaka utasemaje alikuwa hana haja na wahyi, huo ufunuo wenu? Yeye mwenyewe kasema ukweli haupingani na ukweli."

Nadhani Mwalimu ana haki, na hii ndiyo lawama yangu kubwa kwa kitabu, kuliko gundi. Gilson anamwona Ibn Rushd kwa macho ya Walatini, wasomi Wakristo waliomsoma Paris miaka kama sabini baada ya kifo chake. Wao walipokea ufafanuzi wake wa Aristotle, kadhi hawakumjua. Kwa hiyo tunayekutana naye ni Averroes, kama Walatini walivyomwita, zaidi ya Ibn Rushd, na msomaji Mwislamu atalihisi hilo kuanzia ukurasa wa kwanza wa sura.

Hata hivyo kisa cha hao Walatini amekieleza vizuri sana. Siger wa Brabant na wenzake walisema: akili ikifuata njia yake inafika hapa, imani inasema vingine, na mimi nashika imani. Watu wakawasingizia kwamba wanafundisha kweli mbili. Gilson anawatetea kwamba hawakusema hivyo, ukweli kwao ulikuwa mmoja, ule wa imani. Shida yao ilikuwa kubaki na hitimisho la akili mkononi lisilo na pa kuliweka. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Tempier wa Paris akalaani hoja 219 kwa mpigo, na baadhi zilimgusa hata Thoma wa Akwino, aliyekuwa amekufa miaka mitatu kamili kabla, siku ileile. Nilimwambia Mwalimu hilo, naye akanikumbusha kwamba Ibn Rushd alifukuzwa Cordoba 1195 na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Tukatazamana, akasukuma kisahani cha kashata upande wangu.

Sura ya tatu ndiyo niliyolipia zile 42,000.

Gilson anamfuata Thoma mpaka kwenye jambo moja dogo. Nilipolisoma nilikifunga kitabu nikaenda kunawa uso. Thoma anasema kwamba kwa mtu yuleyule, jambo lilelile haliwezi kujulikana na kuaminiwa kwa pamoja. Ukilijua kwa uthibitisho, unaliona, na ukiliona hubaki kuliamini. Kuamini ni kukubali usichokiona, kwa sababu ya yule anayekwambia. Lakini jambo analolijua mmoja, mwingine anaweza akaliamini tu.

Sasa twende mezani kwangu. Natandaza tone nene la damu, naliacha likauke, natia rangi ya Giemsa, nasubiri dakika zangu, naosha, nakausha, naweka tone la mafuta, nashusha lenzi ya 100. Pete ndogo, kiini chekundu, utando wa samawati. Hapo siamini kwamba mtoto ana malaria, ninaiona. Na kama haipo siandiki "hakuna wadudu" mpaka nipitie sehemu 100 za slaidi, hata kama foleni inanung'unika nje ya dirisha. Nikishaandika, karatasi inakwenda kwa daktari. Yeye hakuona wadudu wowote, ameniamini mimi. Mama anamwamini daktari. Bibi anawaamini wote wawili na Mungu juu yao. Wadudu ni walewale, mimi ninajua na wao wanaamini, wala hakuna mjinga hata mmoja kati yetu. Siku nzima kituo kizima kinaendeshwa hivyo. Na mimi pia naiamini lebo ya chupa ya Giemsa. Sijawahi kuingia kiwanda walichoitengeneza.

Thoma haishii hapo, na Gilson ni mwangalifu asimpunguze. Mimi naweza kukosea slaidi, na nimekosea. Imani anayoizungumzia Thoma inasimama juu ya neno la Mungu mwenyewe, kwa hiyo ni imara kuliko kuniamini mimi, ila haigeuki kuwa kuona. Inabaki kuamini, hata kwa profesa. Gilson analirudia hili kwa namna kadha wa kadha, kama mwalimu anayejua darasa litasahau.

Ndipo nikaelewa kwa nini alisita kwa Anselmi. Thoma alikuwa na nidhamu ya ajabu. Chukua swali la ulimwengu: je, ulikuwa na mwanzo? Aristotle aliona hauna. Wanateolojia wenzake Thoma, akiwemo Bonaventura, walidai akili inaweza kuthibitisha kwamba ulianza. Thoma, aliyesadiki kwa moyo wote kwamba ulianza, alisema hapana, akili haithibitishi upande huu wala ule. Tunashika kwa imani, tuseme hivyo waziwazi. Ukitoa ushahidi dhaifu kutetea imani, wasioamini watacheka, watadhani ni kwa vijisababu hivyo tunaamini. Ninapoandika haya naliwaza kundi letu la WhatsApp la kwaya, ambako kila baada ya miezi michache inarudi ile habari ya uongo kwamba wanasayansi wa Marekani walikuta kwenye kompyuta siku ya Yoshua imepungua. Thoma angejitoa kundini.

Na kuna hili la pili, la huruma. Kwa nini Mungu afunue hata mambo ambayo akili ingeyafikia yenyewe, kwa mfano kwamba yeye yupo? Thoma anajibu kwamba tungeachiwa akili peke yake wangefika wachache, baada ya muda mrefu, na makosa mengi yakiwa yamechanganyika humo. Mtu ana shamba, ana watoto, ana mwili unaochoka. Nilipolisoma nilimfikiria yule bibi. Hajashika hadubini maishani mwake na alikuwa na jibu kabla yetu.

Kijana wa mafunzo nilimjibu hatimaye, kwa kumkopa Thoma. Nilimwambia anionyeshe slaidi iliyosema kwamba kisichoonekana humo hakipo. Hiyo si majibu ya kipimo, hiyo umekuja nayo kutoka nyumbani. Alifikiri kidogo akasema, "Lakini dada, na wewe Mungu hujamwona." Nikamwambia ndiyo, sijamwona, ndiyo maana nasema naamini, sisemi najua. Sikumshinda. Ila tangu siku hiyo ameacha kucheka, na mimi nimeacha kumtuma aoshe slaidi kila akiuliza swali.

Yule baba sikumwona tena, na sina hakika Gilson angemsaidia. Watu wa ukoo wa Tertuliano hawasomi Gilson.

Kwa anayetaka kununua: Kiingereza chake ni chepesi kwa kitabu cha filosofia, kina vipande vya Kilatini hapa na pale, na ukiviruka hupotei. Usianze sura ya tatu bila mbili za mwanzo, utadhani Thoma anasema mambo ya kawaida. Kurasa za mwisho zinakimbia. Baada ya Thoma anawapita Duns Scotus na Ockham, wanateolojia waliomfuata, kama basi lililochelewa, na Ockham hasa hapewi hata kiti. Anamlaumu kwa kuvunja ndoa ya akili na imani, na mimi ningependa kumsikia mshtakiwa naye. Mseminari atakimaliza kwa siku 2. Mimi ilinichukua mwezi, zamu za usiku zikisaidia. Mtu wa sayansi aliyechoka kuulizwa swali la yule kijana atapata humo mahali pa kukaa. Na ukiagiza, mwombe muuzaji akupigie picha mgongo wa kitabu kabla hujatuma hela.

Changu kilikuwa kwa Mwalimu wiki nzima, kimerudi juzi. Ile karatasi iliyochomoka ameigandisha kwa uji wa unga wa ngano, na imeshika kuliko zile za kiwandani. Pembeni mwa mahali anapotajwa Ibn Rushd ameandika neno moja kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, kubwa, zimetulia. Nikamwuliza limeandikwa nini.

"Ni Kiswahili hicho mwanangu, si Kiarabu. Nimeandika 'bado'. Nikopeshe tena mwezi ujao."